Sentensi Inayongoja na Sentensi Inayotembea: Historia ya Nathari ya Kiingereza

Majina mengi ambayo wahakiki huzipa sentensi za Kiingereza hayakuzaliwa Uingereza. Yalitungwa Ugiriki, yakalelewa Roma, na yalipovuka bahari yalikuta lugha yenye mwendo wake wa kusimulia. Historia ya mtindo katika nathari ya Kiingereza, kwa sehemu kubwa, ni historia ya vazi hilo la kuazima na mwili ulioombwa ulivae: namna lilivyobana hapa, likapwaya pale, na namna mafundi wa kila karne walivyolikata upya.

Mgawanyo wa msingi ni wa Aristotle. Katika kitabu cha tatu cha kazi yake juu ya balagha, karne ya 4 kabla ya Kristo, alitofautisha aina mbili za usemi. Wa kwanza aliuita kwa neno la kutunga vitu kwenye uzi, kama shanga: kishazi hufuata kishazi, viunganishi vikivishikanisha, na usemi hauna mwisho wake wenyewe mpaka habari iishe. Wa pili aliuita kwa neno lenye maana ya kuzunguka, njia inayorudi ilikoanzia. Sentensi ya mzunguko ina mwanzo na mwisho wake, na msikilizaji anaweza kuuona ukubwa wake kwa mtazamo mmoja. Aristotle aliipendelea hii ya pili. Mkimbiaji, alieleza, huvumilia maadamu anauona mwisho wa uwanja, na pumzi humwishia akishafika. Msikilizaji naye ni vivyo hivyo.

Tofauti yenyewe huonekana vizuri kwa mfano wa Kiswahili. Basi lilifika saa mbili usiku, likiwa limetapakaa tope, abiria wakiwa hoi, baada ya kukwama mtoni tangu asubuhi. Sentensi hiyo imetungwa kwenye uzi: nukta inaweza kuwekwa baada ya neno "usiku", au "tope", au "hoi", na kilichobaki nyuma kikasimama chenyewe. Habari hiyohiyo ikigeuzwa hubadilika tabia. Baada ya kukwama mtoni tangu asubuhi, likiwa limetapakaa tope na abiria wake wakiwa hoi, saa mbili usiku basi lilifika. Hapa hakuna pa kuweka nukta kabla ya kitenzi cha mwisho. Msomaji amebeba tope, uchovu na mto bila kujua avitue wapi, na ni neno la mwisho linalomtua mzigo. Ya kwanza hutembea. Ya pili hungoja.

Aina ya tatu, sentensi ya mizani, ina asili yake kwa Gorgias, mtu wa Leontini huko Sicily, aliyefika Athens kama balozi mwaka 427 kabla ya Kristo na kuwashangaza wenyeji kwa vishazi vilivyolingana urefu, vikapingana maana na kufanana sauti za mwisho. Kwa mfano: mzee aliijua njia bila kuwa na nguvu. Kijana alikuwa na nguvu bila kuijua njia. Isocrates alizifinyanga mbinu hizo kuwa sentensi ndefu zilizotulia, na Cicero akazihamishia Kilatini, ambako mtindo uligawanywa ngazi tatu: wa chini kwa kufundisha, wa kati kwa kupendeza, wa juu kwa kuzisisimua nyoyo. Karne moja baadaye Seneca alikwenda kinyume chake. Sentensi zake ni fupi na zenye ncha, kila moja imekamilika kama methali, na mara nyingi kiunganishi kimeachwa msomaji akijaze mwenyewe. Kwa muda wa karne nyingi zilizofuata, mtu aliyefundishwa kuandika huko Ulaya alichagua upande: kwa Cicero au kwa Seneca.

Kilatini kiliuruhusu mchezo huo kwa sababu ya maumbile yake. Miisho ya maneno ilionyesha nani ametenda na nani ametendwa, kwa hiyo kitenzi kiliweza kuwekwa mwisho kabisa na maana isipotee. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho ya namna hiyo. Mfalme Alfred katika karne ya 9, na mtawa Ælfric karibu na mwaka 1000, waliandika nathari iliyokomaa wakati mataifa mengi jirani yalikuwa bado yanaandika mambo yao kwa Kilatini. Uvamizi wa Wanormandi mwaka 1066 uliiondoa lugha hiyo katika mahakama na baraza la mfalme, na iliporudi kwenye heshima yake, karne tatu hivi baadaye, miisho mingi ilikuwa imeshapukutika. Sasa mpangilio wa maneno ndio uliobeba maana: kiima, kitenzi, kisha yambwa. Mwandishi wa Kiingereza aliyetaka sentensi ya mzunguko hakuweza tena kukiahirisha kitenzi apendavyo. Ilimbidi arundike vishazi tegemezi mlangoni, kisha akiingize kiima na kitenzi chake mwishoni.

William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, nathari ya usimulizi ilikuwa ikitembea tu. Kisa cha Mfalme Arthur kilichoandikwa na Thomas Malory, ambacho Caxton alikichapa mwaka 1485, huenda kwa kiunganishi kimoja: mtu alipanda farasi, na alikwenda, na alikutana na mwenzake, na walipigana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mwendo huo, kwa maana kiambishi -ka- hufanya kazi ileile. Akapanda, akaenda, akakutana naye, wakapigana. Wataalamu huuita mtindo sambamba, kwa kuwa vishazi vyote vina cheo kimoja na hakuna kilicho mtumwa wa kingine. Kinyume chake ni mtindo tegemezi, ambao huvipanga vishazi kwa ngazi: hiki ni sababu, hiki ni sharti, hiki ndicho kikuu.

Mtindo sambamba ulipata nguvu nyingine kutoka upande usiotarajiwa. William Tyndale alichapa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, kisha akaanza kulitafsiri la Kale kutoka Kiebrania, lugha ambayo masimulizi yake huungwa kwa herufi moja yenye maana ya "na" inayoshikizwa mwanzoni mwa neno. Tyndale hakuificha. Aliuawa mwaka 1536 karibu na Brussels, lakini maneno yake mengi yaliingia katika Biblia ya mwaka 1611 iliyoidhinishwa na Mfalme James, na kwa njia hiyo mwendo wa Kiebrania ulisikika kila Jumapili katika makanisa ya vijiji ambavyo jina la Cicero halikuwahi kufika. Wanaofuata historia ya sentensi kwa kuangalia vitabu vya balagha peke yake huikosa sehemu hii, nayo ni sehemu iliyowafikia watu wengi kuliko zote.

Shuleni hali ilikuwa nyingine. Kitabu cha Erasmus juu ya wingi wa lugha, cha mwaka 1512, kiliwafunza wavulana kulisema jambo moja kwa njia nyingi. Yeye mwenyewe aliichukua sentensi ya kushukuru kwa barua na kuigeuza zaidi ya mara mia. Thomas Wilson aliandika balagha kwa Kiingereza mwaka 1553 na kuwakemea waliojaza maandishi yao maneno ya Kilatini ili waonekane wasomi. George Puttenham, mwaka 1589, alijaribu kuzipa tamathali za Kigiriki majina ya Kiingereza ambayo msomaji asiyejua Kigiriki angeyaelewa. Kejeli aliiita dhihaka kavu; chuku aliiita mwongo wa sauti kuu. Majina hayo hayakushika, na Wagiriki wakabaki na istilahi zao, jambo la kusikitisha, kwani ya Puttenham yanaeleza zaidi.

Mtu aliyeonyesha balagha ya shule ingeweza kufika wapi ni John Lyly. Riwaya yake juu ya kijana aitwaye Euphues ilitoka mwaka 1578 na ya pili yake mwaka 1580. Ndani yake karibu kila wazo lina pacha wake. Kishazi cha kushoto kikiwa na maneno sita, cha kulia nacho huwa na sita. Nomino hukabili nomino, kitenzi hukabili kitenzi, na konsonanti za mwanzo hujibizana kutoka upande hadi upande. Kisha hufuata tashbihi, mbili au tatu mfululizo, za mawe, mimea na wanyama wenye tabia za ajabu zilizookotwa kutoka kwa mwandishi wa Kirumi Pliny. Watu wa jumba la Malkia Elizabeth wa Kwanza walizungumza hivyo kwa miaka kadhaa, na jina la mhusika likageuka kuwa jina la mtindo, ambalo mpaka leo hutumika kwa nathari yoyote iliyopambwa kupita kiasi. Shakespeare aliuigiza kupitia Falstaff katika tamthilia ya kwanza ya Henry IV. Hata hivyo Lyly alikifanyia Kiingereza jambo la kudumu. Alithibitisha kwamba sentensi yake inaweza kujengwa kwa hesabu, ikasimama wima bila msaada wa miisho ya Kilatini.

Richard Hooker alithibitisha jingine. Kitabu chake juu ya sheria za kanisa, kilichoanza kutoka mwaka 1593, kina sentensi za mzunguko zilizo ndefu na za haki, zinazotaja hoja ya mpinzani, sharti lake na udhuru wake kabla ya kutoa uamuzi. Ni sentensi ya mtu asiyetaka kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Francis Bacon aliichoka njia hiyo. Mwaka 1605 aliwalaumu wasomi waliowinda maneno zaidi ya mambo, na insha zake, 10 tu katika toleo la 1597 na 58 katika lile la 1625, zinafuata upande wa Seneca: vipande vifupi, kimoja kando ya kingine, bila gundi. Waliokuja baada yake waliuendeleza mwendo huo kwa namna mbili, ambazo mhakiki wa Marekani Morris Croll alizipa majina mwaka 1929. Mtindo wa mkato husema wazo zima katika kishazi cha kwanza, kisha hulirudia kwa sura mpya. Mtindo legevu huacha kishazi kizae kishazi, kana kwamba mwandishi anawaza kalamu ikiwa mkononi. Robert Burton, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya huzuni kilitoka mwaka 1621, na tabibu Thomas Browne ndio mabingwa wa namna hizo. Kwa Croll, sentensi yao ni picha ya akili inayotafuta, tofauti na ile ya Cicero iliyo picha ya akili iliyokwisha kupata. Maelezo bora kuliko hayo juu ya uhusiano wa sarufi na fikra ni nadra kupatikana.

Mwaka 1660 ilianzishwa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi mjini London, na miaka saba baadaye Thomas Sprat aliandika historia yake. Alisimulia kwamba wanachama walitakiwa kuziacha nakshi na kusema kwa uwazi unaokaribia ule wa hisabati, wakiifuata lugha ya mafundi, wakulima na wafanyabiashara badala ya ile ya wasomi. Agizo hilo halikufuatwa na wote, lakini liliihamisha heshima. Urahisi, ambao Warumi waliuweka ngazi ya chini, ulianza kuhesabiwa kuwa adabu ya mwenye ukweli.

John Dryden alisimama katikati. Nathari yake ina wepesi wa mazungumzo, lakini alikiri kwamba aliposhuku usahihi wa Kiingereza chake alikitafsiri kwa Kilatini ili kukipima. Insha yake juu ya tamthilia ilitoka mwaka 1668. Alipoitoa tena mwaka 1684 alikuwa amepita sentensi kwa sentensi akiviondoa vihusishi vilivyokaa mwishoni, kwa kuwa Kilatini hakiviweki hivyo. Kanuni hiyo, ambayo haina mizizi katika usemi wa Waingereza, iliwasumbua wanafunzi kwa zaidi ya karne mbili.

Katika karne ya 18 mitindo yote mitatu ilipata wenyeji. Gazeti la Spectator la Joseph Addison na Richard Steele, lililotoka kila siku isipokuwa Jumapili kuanzia Machi 1711 hadi Desemba 1712, liliweka mtindo wa kati mezani pa kahawa. Samuel Johnson aliusifu mtindo wa Addison kuwa kielelezo, lakini yeye hakuandika hivyo. Katika jarida lake la Rambler, ambalo alilitoa Jumanne na Jumamosi kwa miaka miwili kuanzia 1750, sentensi yake husimama juu ya nguzo mbili au tatu zinazolingana, nazo ni nomino za dhahania zenye asili ya Kilatini. Uzito huo ulikuwa wa kweli. Makala nyingi ziliandikwa kwa haraka, wakati mchapaji akisubiri, na mizani ilimsaidia mtu huyo mwenye mashaka mengi kuitazama kila hukumu kutoka pande zake zote.

Edward Gibbon aliichukua mizani hiyo akaipa urefu wa historia. Buku la kwanza la kitabu chake juu ya kuanguka kwa dola ya Kirumi lilitoka mwaka 1776, la mwisho mwaka 1788, na ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyofanya kazi. Sura ya kwanza aliiandika mara tatu, ya pili na ya tatu mara mbili mbili, mpaka alipoupata mlio alioutaka. Baada ya hapo desturi yake ilikuwa kuiumba aya ndefu nzima kichwani, kuijaribu kwa sikio, kuihifadhi katika kumbukumbu, na kuuzuia mkono usiiguse kalamu mpaka aya imepata ung'ao wake wa mwisho. Ndiyo maana sentensi za Gibbon hazisomeki vizuri moja moja. Kila moja imekatwa ili ikae na jirani yake, na ikiondolewa ukuta huonekana una pengo. Alizimaliza usiku wa tarehe 27 Juni 1787, katika kibanda cha bustani yake huko Lausanne.

Istilahi zenyewe, kwa maana zinazotumika sasa, zilipangwa Uskoti. Baada ya nchi hiyo kuungana na Uingereza mwaka 1707, wasomi wake walitaka kuandika Kiingereza cha London bila kuchanganya na Kiskoti walichokizungumza nyumbani. Mtu aliyejifunza lugha kwa juhudi huona maungo ambayo mzaliwa wake hayaoni. George Campbell wa Aberdeen, mwaka 1776, aliitofautisha sentensi ya mzunguko na sentensi legevu, akatoa kipimo cha nukta kilichoonyeshwa hapo juu. Hugh Blair, aliyepewa kiti cha balagha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1762, alichapa mihadhara yake mwaka 1783. Alitaka sentensi iwe na uwazi, umoja, nguvu na ulinganifu wa sauti. Mihadhara yake minne aliitumia yote kupasua makala nne za Addison katika Spectator, namba 411 hadi 414, sentensi baada ya sentensi: hapa neno limezidi, hapa wazo la pili limejipenyeza, hapa mwisho umelegea. Kabla yake ni wachache waliowahi kuisoma nathari ya Kiingereza kwa ukaribu huo, na kitabu chake kilitumika vyuoni pande zote mbili za Atlantiki.

Sarufi nayo ilikuwa na mgawanyo wake. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, aliandika mwaka 1795 kwamba sentensi ni ya kishazi kimoja au ya vishazi vingi. Katikati ya karne ya 19, chini ya athari ya sarufi ya Mjerumani Karl Ferdinand Becker, aina ya pili iligawanywa tena kulingana na vishazi kama vina cheo sawa au kimoja kinakitegemea kingine. Utatu huo ndio ambao wanafunzi wa Afrika Mashariki huujua kwa majina ya sentensi sahili, ambatano na changamano. Haupaswi kuchanganywa na ule wa balagha. Sentensi changamano inaweza kutembea au kungoja. Sarufi hueleza vipande ni vya namna gani, balagha hueleza vimepangwa vipi na msomaji ametendewa nini.

Alexander Bain, mtoto wa mfumaji wa Aberdeen, aliongeza aya katika mjadala. Kitabu chake cha mwaka 1866 kilidai kwamba sentensi ya mwanzo ya aya, isipokuwa ya kutayarisha, itaje jambo linalozungumzwa. Huko Nebraska, Lucius Sherman alianza kuhesabu. Kitabu chake cha mwaka 1893 kilionyesha kwamba sentensi ya Kiingereza ilikuwa imefupika kwa vizazi, kutoka wastani wa maneno karibu 50 kabla ya enzi ya Malkia Elizabeth hadi 23 hivi katika siku za Sherman mwenyewe, na kwamba mwandishi mmoja huweza kushika wastani uleule katika kitabu kizima bila kujua.

Uchapaji na gazeti vilikuwa vimebadilisha sikio. Hata hivyo mwaka 1897 Henry James, akisumbuliwa na maumivu ya kifundo cha mkono, aliacha kalamu akaanza kumpa mpiga taipu imla, akitembea chumbani huku mashine ya Remington ikilia. Sentensi zake za baadaye zinasitasita, zinajirekebisha, zinaweka kishazi ndani ya kishazi, kama mtu anayetafuta neno sahihi huku mwenzake akingoja. Miaka 20 baadaye kijana wa miaka 18, Ernest Hemingway, aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star, ambalo mwongozo wake kwa waandishi ulianza kwa kuagiza sentensi fupi. Katika hadithi zake za mwaka 1925 kile kiunganishi cha Malory na Tyndale kimerudi, safari hii kikibeba yale ambayo wahusika hawataki kuyasema. James Joyce, mwaka 1922, aliifunga riwaya yake Ulysses kwa sura yenye sentensi nane tu, karibu bila alama za uakifishi, na wahakiki wakatumia kwake jina la mkondo wa fahamu, ambalo May Sinclair alilichukua kutoka saikolojia mwaka 1918 alipozieleza riwaya za Dorothy Richardson.

Vitabu vya mwongozo vya karne ya 20 vilisimama upande wa ufupi. William Strunk wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1918, aliwaonya wanafunzi wasifululize sentensi legevu. George Orwell, mwaka 1946, alifungamanisha maneno mazito na uongo wa kisiasa. Ni Francis Christensen, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Southern California, aliyeitetea sentensi inayotembea kwa ushahidi. Mwaka 1963 aliieleza sentensi limbikizi: kishazi kikuu hutangulia, kifupi, kisha nyongeza hufuata moja baada ya nyingine, kila moja ikisogea karibu zaidi na kinachotazamwa. Alipozichunguza sentensi 4,000 za waandishi 20 wa Marekani, aliona kwamba karibu robo tu ndizo zilizotanguliza kitu kabla ya kiima. Zilizobaki zilianza safari mara moja. Miaka 20 baadaye Richard Lanham, katika kitabu chake cha uchambuzi wa nathari cha mwaka 1983, aliuita mtindo huo mtindo unaokwenda mbio, akauweka mkabala na ule wa mzunguko, kwenye nafasi ileile ambayo Aristotle aliuweka usemi uliotungwa kwenye uzi.